Tumbo Lililopunguzwa na Sahani Isiyopungua

Ikiwa pana mahali katika nchi ya Kenya ambapo shibe imekuwa desturi, na mgeni akiondoka na njaa ikahesabiwa kuwa aibu ya ukoo mzima, basi mahali hapo ni nchi ile inayoanzia miguuni pa milima ya Cherangani, ikapita Kitale na Kiminini, ikateremka kwa Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha ikageukia magharibi kuelekea Bungoma. Kitale ndiko ilikotoka, mwaka 1964, mbegu ya kwanza ya mahindi chotara ya nyanda za juu, ile H611, ambayo Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoasisiwa huko mwaka 1956, iliieneza hadi kwa mkulima wa ekari mbili; na Bungoma ikapata kiwanda chake cha sukari cha Nzoia, kilichoundwa mwaka 1975 na kuanza kusaga miwa mwaka 1978. Kwa hiyo katika umri wa mtu mmoja, watu ambao wazee wao walisonga ugali wa wimbi na kunywa uji usio na sukari walijikuta wana unga mweupe wa kutosha na sukari ya kutia katika kila kikombe, wala hapana mwenye insafu atakayewalaumu kwa kuifurahia neema hiyo, maana aliyeijua njaa hawezi kufunzwa adabu ya kula na mtu asiyeijua.

Hata hivyo neema ina hesabu yake. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa thuluthi moja ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepita uzito unaostahili. Ule wa mwaka 2022, uliohesabu wanawake wa miaka 20 hadi 49, ulipata 45 katika kila 100. Na ingawa vipimo hivi viwili havikushika umri mmoja, mwelekeo wake haufichiki. Kisukari na shinikizo la damu, maradhi ambayo zamani yalisemwa kuwa ya Wahindi wenye maduka na wakubwa wa serikali, leo yamepiga hodi katika nyumba za walimu, makarani na wakulima. Na miongoni mwa wale ambao miili yao imewashinda kwa mlo na kwa mwendo, wako wachache wenye uwezo, au wenye jamaa wenye uwezo, wanaopanda basi kwenda Nairobi, au wanaopanda ndege kwenda India, wakapunguzwe tumbo kwa kisu.

Upasuaji huu si jambo la jana. Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani aliuanza katika miaka ya 1960 kwa kuligawa tumbo, akambakishia mlaji kijifuko kidogo na kukiunga na utumbo mbele zaidi. Na njia inayopendwa mno siku hizi ni ya kukata na kuondoa kabisa robo tatu ya mfuko wa tumbo, au zaidi ya hapo, ukabaki mrija wenye umbo la ndizi. Pamoja na kipande kinachotupwa huondoka sehemu kubwa ya chembe zinazotoa homoni ya njaa, ndiyo sababu mgonjwa hustaajabu kuiona saa saba ya mchana ikipita bila ya tumbo kumdai kitu. Huko Sweden, uchunguzi mrefu ulioanza mwaka 1987 chini ya Profesa Lars Sjöström ulithibitisha kuwa vifo vilikuwa vichache zaidi kati ya waliopasuliwa kuliko kati ya wenzao wanene waliotibiwa kwa njia za kawaida. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani kuwa nimekuja kumdhihaki aliyekatwa tumbo, au kusema pamoja na wale wanaoketi mbele ya sinia la nyama choma na kuuita upasuaji huo uvivu.

Ila homoni ya njaa siyo iliyokuwa ikimpeleka mgonjwa jikoni saa nne za usiku. Tumfikirie mwalimu wa kike, wala simchori mtu mmoja ninayemjua bali nawachora wengi kwa pamoja, anayefundisha shule ya msingi karibu na Kiminini na aliyeolewa Bungoma. Alipomzika mamake alikula; mshahara ulipochelewa alikula; mwanawe alipokosa alama za kuingia chuo kikuu alikula; na katika siku zote hizo aghalabu hakuwa na njaa. Chakula chenyewe kilikuwa chapati iliyopoa, ikakunjwa mara mbili, ikachovywa katika chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari na kuliwa kwa kusimama, taa ya jikoni ikiwa imezimwa ili watoto wasiulize. Sasa amepasuliwa. Vijiko vile vitatu vya sukari, hasa kwa aliyeungwa utumbo, vinaweza kumletea jasho, kizunguzungu, msokoto wa tumbo na moyo kwenda mbio kabla hajarudisha kikombe mezani, na chapati yenyewe ikamkaa kifuani kama haikutafunwa ikalainika. Mama hajafufuka, mshahara haujaongezeka, na mtoto yungali nyumbani. Jitimai ile ile imebaki mahali pake, na kile kilichokuwa kikiituliza hakipatikani tena.

Mtu aliyefikishwa hapo hutafuta liwazo penginepo, na matabibu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2012 wachunguzi wa Marekani waliowafuatilia wagonjwa 1,945 walitangaza kuwa wenye matatizo ya ulevi, ambao walikuwa asilimia 7.6 kabla ya kupasuliwa, walifika asilimia 9.6 katika mwaka wa pili, hali mwaka wa kwanza haukuleta ongezeko lolote. Naona maana kubwa katika mwaka huo wa pili. Mwaka wa kwanza ni wa pongezi na wa kupima uzito kila wiki, mizani ikishuka na marafiki wakishangilia. Wa pili ndio ambao mizani husimama, wapongezaji hurudi katika shughuli zao, na mtu hubaki peke yake na nafsi yake. Tena aliyeungwa utumbo hulewa upesi, kwa kuwa pombe humwingia damuni haraka kuliko zamani, na katika nchi ambayo mtungi wa busaa hauko mbali na chang'aa huuzwa nyuma ya nyumba, jambo hilo lastahili kusemwa kwa sauti na daktari yeyote anayemtuma mgonjwa nyumbani Bungoma.

Liwazo la pili ni ununuzi. Kuhusu huo ushahidi wa takwimu si mzito kiasi hicho, lakini njia yake ni hiyo hiyo, nayo ni njia yenye hila zaidi, kwa sababu mnywaji hujulikana kwa harufu, ilhali mnunuzi husifiwa kwa kupendeza. Ununuzi huanza na haja ya kweli. Mwanamke aliyeshuka kutoka saizi 22 hadi saizi 14 hawezi kwenda kazini na nguo inayomwanguka mabegani. Hana budi kununua, na hapo mlango umefunguka. Kwanza ni mitumba, anajifunza siku ambazo wauzaji hufungua bale, akawahi alfajiri kuchagua kamera, ndivyo wanavyoziita nguo za chaguo la kwanza, kabla mikono mingine haijazifikia. Kisha ni simu. M-Pesa ilianza mwaka 2007, mkopo wa M-Shwari ukaja mwaka 2012, na Fuliza mwaka 2019 ikamwezesha mtu kulipa hata pesa alizonazo zikipungua. Na wauza nguo wamegundua kwamba saa nzuri ya kuonyesha bidhaa zao kwa video ni usiku, watoto wakiisha kulala, yaani saa ile ile ya chapati. Mwalimu wetu anabonyeza namba ya siri, na kwa siku mbili anaishi na furaha ya kungoja mzigo uletwe na matatu hadi stendi. Mzigo ukifika, furaha imekwisha. Chini ya kitanda kuna mifuko ambayo haijafunguliwa, viatu vya rangi asiyoipenda, na nguo mbili ambazo mwezi ujao zitakuwa kubwa.

Namshauri mtu wa namna hii ajue njia ya kwenda kwa fundi cherehani kuliko anavyoijua njia ya soko la mitumba. Nimewahi kumtazama fundi wa barazani mjini Bungoma akilibana gauni la kitenge: alifumua mshono wa ubavuni kwa wembe, akapima kwa vidole badala ya utepe, akaingiza kitambaa ndani bila ya kukikata, na alipoulizwa sababu akajibu kuwa nguo ya mtu anayepungua haikatwi, huachiwa akiba, kwani mwenyewe atarudi tena. Gauni moja likibanwa mara tatu katika mwaka huokoa fedha, hilo si haba. Lakini faida iliyo kubwa zaidi ni kwamba mwenye gauni huketi kwenye benchi la fundi nusu saa, akazungumza na watu, akaona mwili wake unapimwa na mtu asiyeuonea huruma wala wivu. Laiti ningekuwa na mamlaka, ningewaandika mafundi hawa katika orodha ya watumishi wa afya.

Liko jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani haviligusi, nalo ndilo linaloufanya ununuzi wa huku usifanane na wa kule. Mwaka 1985 madaktari waliokuwa wakichunguza wagonjwa wa wilaya ya Rakai, Uganda, waliandika katika jarida la Lancet juu ya maradhi mapya ambayo wenyeji waliyaita Slim, kwa vile yalivyowakondesha watu. Ndio huo ukimwi, uliokwisha kuvuka mipaka kabla haujapewa jina. Bungoma iko karibu na Malaba, njiani pa malori mengi yaendayo Kampala, na kwa takriban miaka 20 watu wa huku waliusoma mwili wa mwenzao kama mtu asomavyo hati ya kifo: shingo ikitoka mifupa, minong'ono ilianza. Dawa zimekuja, watu wanaishi, lakini macho hayajasahau kusoma. Unene ukabaki kuwa cheti cha uzima, cha mume anayejali na nyumba isiyopungukiwa na kitu.

Sasa mwalimu wetu anashuka Kanduyi akiwa amepungua kilo 40. Mama jirani anamshika mkono, haachi kuutazama mkono wenyewe, na kumwambia kwa upole, "Mayi, umekonda hivi, uko salama kweli?" Atajibu nini? Akisema amepasuliwa, ataulizwa gharama, na mashemeji watakumbuka karo waliyomwomba wakaambiwa hakuna. Akisema anafanya mazoezi, hawatasadiki. Kwa hiyo wengi wa watu hawa huficha, na katika kuficha huko nguo hupata kazi nyingine: kitenge kipya, mkoba mpya na nywele zilizosukwa kwa thamani humjibia mwenyewe kabla hajafungua kinywa, zikisema kwamba huyu haumwi wala hajafilisika. Mimi sioni kuwa huo ni upuuzi wa mwanamke mpenda mapambo. Ni utetezi wa mshitakiwa katika kesi ambayo haikusomwa popote, na tutakuwa wadhalimu tukimwambia aache kununua hali sisi wenyewe tungali tunamtazama shingo.

Na baada ya shingo, sahani. Katika matanga, katika harusi, na katika mwezi wa Agosti wa miaka ya shufwa ambapo Wabukusu huwatahiri vijana wao na kila nyumba yenye mtoto wa kutahiriwa ikawa na wageni, sahani ya mgeni hupakuliwa na mtu mwingine, wala mgeni haulizwi kipimo. Ugali hukatwa kwa kipande kinachojaza viganja viwili. Mtu aliyepunguzwa tumbo ameagizwa aanze na nyama, samaki, mayai au maharagwe, atafune taratibu kwa nusu saa, asinywe maji pamoja na chakula, na akishiba aache papo hapo. Na sehemu yake yote, akiisha kuzoea chakula kigumu, haizidi sana kikombe kimoja cha chai. Senge wa mumewe, yaani shangazi, anamtazama akila vipande vitatu na kusukuma sahani.

"Mwanangu, hata kuku wangu unamkataa?"

"Simkatai, senge. Nimeshiba."

"Umeshibia wapi? Au hapa kwetu chakula ni kibaya?"

Dakika tano za mazungumzo haya zinaweza kuharibu kazi ya miezi mitano, maana mgonjwa atakula ili asimvunjie heshima mkubwa wake, kisha atatapika nyuma ya choo, au atajifunza hila iliyo mbaya zaidi, ya kutosogelea tena penye watu. Kliniki humwita mgonjwa peke yake, zikampa karatasi ya vyakula na chupa ya vitamini atakazozimeza maisha yake yote, zikamwonya juu ya chuma, kalsiamu na B12. Hayo yote ni ya lazima, na ole wake atakayeyapuuza. Lakini karatasi ile imekabidhiwa asiyeshika upawa. Anayehitaji kufundishwa zaidi katika nchi hii ni mpakuaji: ni mama mkwe, ni senge, ni mwenyekiti wa chama cha akina mama ambao kila mwezi hushindana kwa wingi wa sufuria; na kama ningekuwa daktari wa upasuaji huu nisingemshikia mtu kisu mpaka amlete mmoja wao aketi naye mbele yangu.

Wataalamu huandika kwamba mazoea mabaya yaondolewe kwa kuwekwa mazuri mahali pake, na hapo huleta orodha: tembea, oga maji ya moto, andika shajara, zungumza na rafiki. Si orodha mbaya, ila haijui Kitale. Hii ni nchi ya wakimbiaji, na si mbali na hapo, katika Pokot Magharibi, alizaliwa Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda mbio za marathoni za New York, mwaka 1994. Na pamoja na hayo mwanamke mtu mzima akionekana anatembea barabarani jioni bila ya mzigo kichwani wala mtoto mkononi, ataulizwa na watu wanne anakwenda wapi na kuna nini nyumbani. Matembezi yake hayana budi kuwa na mwisho unaotajika: mazoezi ya kwaya, kusaga, shamba la kukodi ng'ambo ya mto. Hiyo kwaya hasa naipendekeza, kwa kuwa haifanyiki mtu akitafuna, tena humtaka mwimbaji pumzi na kumpa watu wa kumwuliza akikosa kufika.

Ama saa ile ya hatari, baina ya magharibi na kulala, inataka kazi ya mikono, na kazi hiyo iko tele. Kuchambua mboga za saga na kunde jani kwa jani, kuondoa mashina, kuchagua maharagwe ya mbegu, haya ni mambo yanayoshika vidole vyote kumi na kuacha ulimi huru kwa mazungumzo. Murenda, ile mboga ambayo vijana wa mjini huicheka kwa utelezi wake, unapita katika tumbo jembamba bila ya ugomvi wowote, jambo ambalo ugali mkavu hauwezi kujisifia. Na huzuni nayo ilikuwa na mahali pake pa zamani. Wabukusu, akifariki mzee wa heshima, siku chache baada ya mazishi huwa na kumuse, ambapo msemaji mwenye daraja hiyo husimama mbele ya watu walioketi akawakumbusha nasaba, akawaonya na kuwafariji kwa maneno marefu; na wakati huo hapana anayetafuna, huzuni yote imekabidhiwa masikio. Sisemi kumuse ifanywe dawa ya kila mwalimu mwenye deni la simu, kwani ina wenyewe na miiko yake. Nasema tu kuwa watu waliojua kuketi saa nyingi na msiba pasi na sahani wanaweza kulijua tena jambo hilo, hata ikiwa ni wanawake watano wa chama wanaokubaliana kwamba nusu saa ya kwanza ni ya kusemezana, chai baadaye, na ajaye na deni alitaje bila ya kuchekwa.

Tena desturi yetu ina kipimo kingine cha heshima ambacho tumekisahau tulipopata unga mwingi. Kuku anapochinjwa katika nyumba za Waluhya, kipande cha heshima ni firigisi, na firigisi ni kidogo kuliko paja, bawa na kidari. Mzee aliyepewa hakuhesabu kuwa amepunjwa. Wanawake hawakuipata, naam, hata kuku mwenyewe walikatazwa kumla katika zama zile, na kinaya ni kwamba binti za waliokatazwa ndio wanaolazimishwa leo kummaliza. Basi mwiko ule ulioanguka uanguke wote. Mwanamke aliyepunguzwa tumbo akija harusini Bungoma, na aletewe kisahani chenye firigisi iliyochemshwa mpaka ikalainika, aletewe na senge wa mumewe mwenyewe, mbele ya wazee, naye aitafune taratibu apendavyo. Na atakayeuliza mbona sahani ya huyu ni ndogo, aambiwe kwamba hata mkuu wa ukoo hakupewa zaidi ya hiyo.